Banda la sungura ni amana: Majibu kwa wasomaji wa Ngara na Biharamulo

  

 Wiki hii safu yetu inajibu barua mbili zilizotoka mkoani Kagera. Ya kwanza ni ya mama wa Rulenge, wilayani Ngara. Anaeleza kuwa mjomba wa watoto wake alipowatembelea aliwaletea sungura watatu, nao watoto wakafurahi mno. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na banda, sungura wale walilazwa jikoni ndani ya boksi. Usiku mmoja wa mvua siafu waliingia, na asubuhi sungura mmoja akakutwa amekufa. Mtoto wa miaka saba amelia kwa siku tatu. Baba watoto ameudhika, na sasa anasema wawili waliobaki ama wachinjwe au waachiwe porini, maana kumfungia kiumbe wa Mungu na kumsababishia mauti ni dhambi. Mama anauliza: je, ni kweli kuwafungia ni dhambi? Na kama si dhambi, afanyeje kujenga banda jema naye hana fedha nyingi?

Barua ya pili ni ya baba kijana wa Nyakahura, wilayani Biharamulo. Yeye ana simbilisi wanne. Jirani yake amemwambia kuwa Waingereza humwita mnyama huyo kwa jina lenye neno nguruwe, kwa hiyo hafai kukaa katika nyumba ya Muislamu. Anauliza kama hilo ni kweli, na anaomba naye aelekezwe namna ya kuwajengea.

Maswali haya yanaonekana madogo. Lakini ndani yake mna dini, mna malezi na mna roho za viumbe. Tutayajibu kwa utaratibu, inshaallah.

Kufuga na kufungia: sheria inasemaje?

Katika Hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Anas bin Malik (RA) anasimulia kuwa alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kindege kidogo alichokuwa akicheza nacho. Kindege kile kilipokufa, Mtume (SAW) alimkuta mtoto akiwa na huzuni, akamsemesha kwa upole na kumuuliza kindege chake kimefanya nini. Wanazuoni wameizingatia sana Hadithi hii fupi. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, aliiandikia kitabu kizima akaorodhesha ndani yake mafunzo zaidi ya sitini. Miongoni mwa yaliyotolewa humo na wanazuoni ni kwamba inajuzu mtoto kuwa na mnyama mdogo wa kumliwaza, maadamu hamtesi. Na kuna funzo jingine kwa mama wa Rulenge: kilio cha mtoto kwa mnyama wake aliyekufa si jambo la kudharauliwa. Mbora wa viumbe alilishughulikia.

Upande wa pili kuna Hadithi inayotisha, nayo pia imo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tuitazame vizuri sababu yake. Mwanamke yule alimfungia paka, kisha hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Ukiziweka Hadithi hizi mbili pamoja, jibu linapatikana. Kumfungia mnyama kunajuzu, lakini mwenye kufungia amebeba dhima ya kila kitu ambacho mnyama angejitafutia kama angekuwa huru: chakula, maji, kivuli, joto la usiku, na mahali pa kumkimbia adui. Anayefunga mlango wa banda amechukua amana.

Dhima hii haikuachwa kwenye huruma ya mtu peke yake. Katika vitabu vya fiqhi, mlango wa nafaka hauishii kwa mke na watoto. Unafika hadi kwa wanyama. Imamu an-Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mwenye mnyama anawajibika kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa: amlishe, au amuuze, au amchinje kama ni mnyama anayeliwa. Serikali yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo baba watoto wa Rulenge amesema kweli katika nusu ya maneno yake. Kuwaweka sungura katika boksi ambamo siafu wanaingia ni kasoro. Lakini dawa ya kasoro hiyo ni kujenga banda. Asipoweza kujenga, awauze au awagawe kwa mwenye uwezo, au awachinje kwa njia ya sheria. Nyama ya sungura ni halali. Anas huyohuyo anasimulia kuwa alimkamata sungura mahali paitwapo Marr adh-Dhahran, akampelekea Abu Talha, naye akamchinja na kumpelekea Mtume (SAW) sehemu ya paja, akaipokea. Abu Talha ndiye aliyekuwa mume wa Ummu Sulaym, mama yake Anas na Abu Umayr. Familia hiyo moja, basi, imetupokelea mafunzo mawili: mnyama wa kumliwaza mtoto, na mnyama wa kitoweo.

Ama kuwaachia porini, hilo si rehema hata kidogo. Sungura wa kufugwa si wa aina moja na yule wa porini tunayemwona akikatiza barabara usiku. Asili ya sungura wa kufugwa ni Hispania na Ureno. Yeye huchimba mashimo na kuzaa watoto walio uchi, wasioona. Sungura wa porini kwetu hazai shimoni. Huzaa juu ya ardhi watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka, wanaoweza kujificha mapema. Ukimwachia wa kufugwa katika vichaka vya Ngara umempeleka kwa nguchiro, mbwa na mwewe.

Na kinyume chake pia ni kosa. Tunawaomba wazazi wa Biharamulo, hasa walio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, wawakataze watoto kukamata wanyama wa porini na kuwaleta nyumbani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwakamata wala kuwamiliki bila kibali, na mnyama aliyezaliwa huru mara nyingi hufa kwa hofu kabla hajafa kwa njaa.

Simbilisi na jina lake

Ndugu yetu wa Nyakahura asiwe na wasiwasi kuhusu jina. Simbilisi hana nasaba yoyote na nguruwe. Ni mnyama mla majani, jamii ya wanyama wagugunaji, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Waingereza walimpa jina walilolitaka, na jina haligeuzi dhati ya kitu. Kumfuga kwa kumtunza hakuna ubaya. Ama kumla, hilo aliulize kwa shehe wa msikiti wake, kwa kuwa wanazuoni wana maelezo marefu kuhusu wanyama wagugunaji, na safu hii ya familia si mahali pa kutoa fatwa.

Simbilisi ana binamu yake huko Chile aitwaye degu, ambaye watu wa Ulaya na Marekani humfuga majumbani. Tunamtaja kwa sababu wafugaji wake wamejifunza mambo mawili yanayotufaa. La kwanza, meno ya wanyama hawa hayaachi kukua, hivyo hutafuna kila wanachokifikia. Banda la degu lililojengwa kwa mbao laini au plastiki tupu hutobolewa upesi, na kwa sababu hiyo hutengenezewa chuma, kioo na waya. La pili, degu hupata kisukari kwa urahisi akipewa vyakula vitamu. Sungura na simbilisi si wepesi wa maradhi hayo kama yeye, lakini meno yao ni yaleyale, na matumbo yao pia yameumbiwa majani. Ndizi mbivu na miwa ambavyo watoto wetu hupenda kuwapa kwa mapenzi vinaweza kuwadhuru.

Jambo jingine: sungura na simbilisi wasiwekwe chumba kimoja. Teke la sungura linaweza kumvunja simbilisi mbavu, na sungura anaweza kubeba vijidudu ambavyo havimdhuru yeye lakini humletea mwenzake nimonia. Chakula chao nacho ni tofauti. Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C, ila simbilisi, kama sisi binadamu, lazima aipate katika majani mabichi kila siku.

Mahali pa kujenga

Kabla ya msumari wa kwanza, zunguka kiwanja chako uangalie mambo matatu: upepo, jua na maji. Vilima vya Ngara vina baridi ya usiku na upepo wenye unyevu, hasa katika mvua za vuli na masika. Sungura huivumilia baridi kavu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kinachomuua ni kulowa na kupigwa na upepo akiwa amelowa. Jenga basi ukilipa banda mgongo upande ambao mvua yako hupigia, na uso wake uelekee upande uliotulia. Katika tambarare za Lusahunga na Nyakanazi shida kubwa ni jua la kiangazi. Sungura hatoi jasho kama sisi. Hupunguza joto kupitia masikio na pumzi. Joto likizidi nyuzi 30 huanza kuteseka, huhema upesi na anaweza kufa. Hapo banda liwe chini ya mwembe au mparachichi, ila majani ya mparachichi yasimfikie, kwa kuwa ni sumu kwake.

Pia liwe mbali na kisima, mbali na kamba ya kuanikia nguo, na upande ambao harufu haimwendei jirani. Haki ya jirani ni nzito, na harufu ya mkojo wa sungura ni kali.

Vifaa na vipimo

Banda tunaloeleza lina vyumba viwili, kwa sungura wawili wakubwa. Urefu wake ni sentimita 180, yaani kila chumba sentimita 90, na upana ni sentimita 60. Kimo cha ndani ni sentimita 70 mbele na 55 nyuma, ili paa literemkie nyuma. Sakafu iwe juu ya ardhi kwa sentimita 90. Kimo hicho kinamwezesha mtoto wa miaka minane kufikisha mkono ndani, na mtu mzima kufagia chini bila kupiga magoti.

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: mbao za mbili kwa mbili kwa ajili ya miguu na fremu; mabanzi ya kiwanda cha mbao kwa kuta za nyuma na pembeni; mianzi iliyopasuliwa kwa sakafu; wavu wa waya wenye matundu madogo kwa upande wa mbele; mabati mawili ya futi nane; bawaba nne, makomeo mawili, misumari, na makopo sita matupu ya rangi.

Mabanzi huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu ni masalia ya gogo, na ndiyo njia bora ya kujenga bila kukata mti mpya. Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa thamani ya mti. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, tena kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Kuni za kupikia watu wote hao zilitoka katika vilima vilevile, na wazee wanakumbuka vilivyobaki vitupu. Kwa hiyo tumia masalia kwanza. Mbao za makreti ya mizigo zinazopatikana kando ya barabara kuu nazo zinafaa, mradi ziwe safi; yenye harufu ya dawa au mafuta usiitumie, kwa kuwa mnyama ataitafuna.

Hatua za ujenzi

Kwanza tengeneza fremu yenye miguu sita: minne ya pembeni na miwili ya katikati, hapo vyumba vinapogawanyika. Miguu ya mbele ikatwe sentimita 160 na ya nyuma 145. Usiichimbie ardhini, maana mchwa wataimaliza. Ifunge kwa mbao za mshazari nyuma na pembeni ili banda lisiyumbe, kisha kila mguu usimame ndani ya kopo juu ya jiwe bapa.

Pili, weka sakafu. Pasua mianzi katika vipande vyenye upana wa sentimita mbili na nusu, uvilaze kutoka mbele kwenda nyuma, upande laini ukitazama juu. Acha nafasi ya sentimita moja na kidogo kati ya kipande na kipande. Nafasi hiyo inapitisha kinyesi, lakini mguu haunasi. Wengi hutandaza wavu wa kuku sakafuni. Wavu huo una nyuzi nyembamba na matundu mapana. Huchana nyayo, na vidonda vya nyayo ni ugonjwa unaowatesa sungura wengi wa mabandani. Ndani ya kila chumba weka pia ubao mmoja mkavu wa sentimita 30 kwa 30, mnyama apumzishe miguu.

Tatu, kuta. Nyuma na pembeni ziba kwa mabanzi, ukiacha upenyo wa kupitisha hewa juu karibu na paa. Mbele weka wavu, isipokuwa theluthi moja ya kila chumba uizibe kwa mbao. Hapo ndipo mahali pa kujificha. Sungura ni mnyama anayewindwa na kila mtu, na asiyekuwa na mahali pa kujificha huishi katika hofu mchana na usiku hata kama hakuna adui. Wavu uupigilie kwa ndani ya fremu, ili meno yakutane na waya kabla ya ubao.

Nne, milango. Kila mlango uwe na upana wa sentimita 45, ufunguke kwa nje, na uwe na komeo la chuma. Kipande cha kamba hakitoshi. Mbwa hukifungua, na mtoto husahau kukifunga.

Tano, paa. Kata kila bati vipande viwili, uvipange kwa kupandana, yapite fremu sentimita 30 kila upande. Chini ya bati tandaza matete au nyasi kavu zilizobanwa kwa fito. Bati tupu mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Nyasi hutuliza yote mawili.

Fundi seremala mmoja na mtoto wa kumshikia ubao wanaweza kumaliza kazi hii kwa siku mbili. Baba akiifanya mwenyewe na watoto wake ni bora zaidi. Mtoto aliyeshika upande wa pili wa msumeno hulitunza banda kwa namna nyingine kabisa na mtoto aliyeletewa.

Siafu, nyoka na wezi wengine

Sasa tulifikie lile lililomliza mtoto wa Rulenge. Siafu hutembea usiku, hasa baada ya mvua, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Katika kila kopo lililobeba mguu wa banda weka mafuta machafu ya injini, yafike vidole vitatu. Siafu hawavuki. Lakini ina masharti mawili. Mvua ikijaza kopo, mafuta huelea juu ya maji na kumwagika yote, kwa hiyo paa lazima liyafunike makopo, na baada ya kila mvua kubwa yakaguliwe. Pili, jani moja la mgomba au unyasi mmoja unaoegemea banda ni daraja tosha kwa jeshi zima. Fyeka kuzunguka banda hatua mbili kila upande. Ukifyeka hivyo, nyoka na panya nao hukosa pa kujificha.

Kwa simbilisi ujenzi ni mwepesi zaidi, kwa kuwa hawapandi kuta wala hawaruki sana. Sanduku la mbao la mita moja kwa mita moja, kuta za sentimita 40, linawatosha watatu au wanne. Sakafu yao iwe ya mbao zisizo na nafasi, kwa sababu nyayo zao ni ndogo na hunasa. Ndani tandaza nyasi kavu au maranda, na geuza kibuyu au chungu kilichovunjika kiwe nyumba yao ya kujificha. Juu kuwe na kifuniko cha wavu, maana paka haombi ruhusa. Sanduku lao nalo lisimame juu ya miguu yenye makopo ya mafuta.

Chakula, maji na uzazi

Chakula kikuu cha sungura ni nyasi: nyasi kavu zilizoanikwa kivulini wakati wote, na majani mabichi yaliyonyauka kidogo. Majani ya viazi vitamu, mchicha pori na mabingobingo machanga yanapatikana kila kaya. Yaliyolowa umande au mvua yaanikwe kwanza, maana huvimbisha tumbo. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na mabichi ya muhogo ni hatari. Kwa simbilisi usikose majani mabichi hata siku moja. Maji yawe katika bakuli zito la udongo lisilopinduka, yabadilishwe asubuhi na jioni. Vijiti vya mpera vya kutafuna vitaokoa mbao zako.

Jike na dume watenganishwe wafikapo umri wa miezi mitatu, kama hutaki kushtukizwa. Sungura hubeba mimba kwa siku 30 hadi 32. Siku ya 27 muwekee jike kiota: sanduku la sentimita 40 kwa 30, lenye nyasi kavu na ukingo wa mbele wa sentimita 15. Atajinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni awatandikie watoto. Watoto wa nyumbani wazuiwe kuwashikashika. Watasubiri, na macho ya vitoto yatafumbuka baada ya siku kumi au kumi na mbili. Simbilisi yeye hubeba mimba zaidi ya miezi miwili, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Kabla ya kuruhusu uzazi jiulize watakaozaliwa watakaa wapi, kwa sababu banda la wawili haliwi la kumi na wawili.

Usafi na swala

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinyesi na mkojo wa mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Kwa hiyo kuwe na nguo maalumu ya kazi ya bandani, na maji na sabuni ya mikono karibu. Mtoto asitoke bandani moja kwa moja kwenda kushika msahafu au kusimama kwenye mswala. Kila siku fagia chini ya banda. Kila wiki sugua sakafu ya mianzi kwa maji ya moto na uiache ikauke juani. Sakafu chafu yenye unyevu ndiyo chanzo cha kuhara kunakoua sungura wachanga, na ukurutu wa masikioni huenea haraka katika banda lisilosafishwa. Mnyama akiacha kula kwa siku nzima, akahara au akaanza kujikuna masikio, mtafute ofisa mifugo wa kata mapema. Samadi yao ni neema kwa migomba na kahawa, na mkojo uliochanganywa na maji mengi hutumiwa kama mbolea.

Amana ni ya nani?

Wazazi wengi humwambia mtoto: sungura ni wako, shauri yako. Kauli hiyo haifai. Mtoto ambaye hajabaleghe hajaandikiwa dhambi. Mwenye nyumba ndiye mchunga, naye ndiye atakayeulizwa. Mpe mtoto kazi inayolingana na umri wake: wa miaka sita alete majani, wa miaka tisa abadilishe maji, wa miaka kumi na miwili afagie na kukagua makopo. Wavulana na wasichana wagawane kwa usawa. Lakini kila jioni baada ya Magharibi, mtu mzima mmoja ashike taa akague: komeo limefungwa, maji yapo, makopo yana mafuta. Ni kazi isiyofika dakika tano. Familia ikisafiri kwenda msibani au kwenye sikukuu, jirani akabidhiwe kwa jina na kwa kazi, wala isiachiwe bahati.

Ikiwa lengo lenu ni kitoweo, waambieni watoto mapema, na msimpe jina la mapenzi mnyama mnayekusudia kumchinja. Siku ya kuchinja ikifika, kumbukeni kuwa Mtume (SAW) ameamrisha kufanya wema hata katika kuchinja: kisu kinolewe vizuri, mnyama apumzishwe, wala asichinjwe mbele ya wenzake wala kisu kisinolewe akikitazama. Mtoto anayeliona hilo likitendeka hujifunza kuwa kuhalalishiwa kitu si kuruhusiwa ukatili.

Kwa ufupi, ndugu zetu wa Rulenge na Nyakahura: fugeni, lakini banda litangulie mnyama. Asiyekuwa na nafasi ya banda, au anayejua kuwa hatapata muda wa kulisha asubuhi na jioni, ajiepushe. Kuacha nako ni wema. Na mwenye kuwalisha asidharau anachokifanya. Mtume (SAW) alipoulizwa kama tunapata ujira kwa ajili ya wanyama, alijibu kuwa katika kila kiumbe chenye uhai kuna ujira. Bakuli la maji linalobadilishwa kila alfajiri limo ndani ya hesabu hiyo.

Tunamuomba Allah (SW) azijaalie nyumba zetu ziwe na rehema kwa wakubwa, kwa wadogo na kwa wasiosema. Wabillahi tawfiq.